Motokari ya Camille Imekataa

...na asinifundishe mtu, mimi sikusimuliwa, nimeona yote kwa macho yangu haya mawili na bado naona, kichwa changu kimo chini ya kapo ya Hilux hii, jasho linadondokea batri, nimeona sanduku la marehemu Camille likipakiwa, nimeona Pitshou, mpwa wake, akigeuza ufunguo mara ya kwanza, ta!, mara ya pili, ta!, basi, ta moja kavu kama mtu anayekudharau kwa ulimi, na watu wote wa kilio wakasogea, mtaa mzima wa Panda, halafu mmoja nyuma kule akalitoa lile neno, anakatala, Camille anakatala kwenda, na kwetu hapa neno hilo likishatoka halirudi, maiti akikataa kuondoka ni kwamba aliyemuua yuko karibu naye, sasa motokari ni yake mwenyewe, ameiendesha miaka kumi na saba, leo imembeba yeye na haitaki, mnataka ushahidi gani tena, na macho yote yakaliacha sanduku yakaenda kwa Bibiane, mjane, amekaa ndani karibu na usukani, kitambaa cheupe kichwani, hata hajui atazame wapi... ujinga mkubwa, hilo neno, mimi darasa nimeishia la tano lakini injini nimesoma mpaka mwisho, pale Kamatanda nilisimamisha lori la mawe kwa sikio tu, nikamwambia dereva, ndugu, pistoni ya tatu inalia, akabisha, kabla ya kilomita mbili akanirudia amebeba kofia mkononi, kwa hiyo wafu waniachie, mimi naanza na batri, batri ikichoka taa zinakuwa nyekundu kama macho ya mlevi, hizi nyeupe, kali, klaksoni nimeipiga mpaka mama mmoja akaruka, batri nzima, basi mazuti, dizeli yake, hapana, injini ikikosa mazuti inazunguka, inazunguka, haishiki, hii haizunguki hata robo... «Vieux Bertin! Uko natengeneza motokari ao uko namuombea?» huyo Pitshou, wamecheka, kwenye kilio wanacheka, «Minye niko nasikiliza,» nimemjibu, «weye geuza kle, funga kinywa!» ta, na mimi sikutazama demarere, ile mota ya kuwashia, nilitazama mwanga wa taa zake kwenye ukuta wa mbele, kwa sababu demarere ikikwama inakunywa umeme wote na taa zinalala, sasa taa hizi hazikutikisika, hazikupepesa, maana yake demarere haikunywa kitu, umeme unatoka hauna njia ya kurudi, na njia ya kurudi ni masi, ule waya mpana unaofunga injini na chasi, huu hapa, ninaushika, mzima, bulongi, bolti yake, imekaza, bulongi inang'aa, chini yake kunang'aa vilevile, kweusi, kuzuri... Mungu wangu, rangi... rangi yangu... jana mchana niliifungua masi hii kwa mkono huu, nikapaka kapo ndani, chasi, kila kitu, nyeusi ya heshima, nani kwenye mji huu aliwahi kuona motokari ya mazishi inayong'aa mpaka matumboni, nilijisifu hivyo mbele ya watu, halafu nikarudisha masi juu ya rangi kama mtu anayeweka kifuniko juu ya kifuniko, na rangi haipitishi umeme, mwanagenzi wa wiki mbili anajua... haya, basi, siyo ugonjwa, kisu ninacho, nalegeza bulongi, nakwangua mara tatu, chuma kinatoka cheupe, nakaza, geuza, vuuum, nani atajua, nitafunga kapo polepole, nitapangusa mikono, watasema Bertin ndiye Bertin, hata wafu wanamsikia, bulongi imeshalegea, kisu hiki hapa... «Mama Bibiane, shuka.» Pitshou tena, lakini hachezi sasa, «Shuka, enda kule ng'ambo ya barabara, simama kule. Bantu bote baone. Ukienda mbali na haikuwaka, tutakuomba pardo. Ikiwaka...» hakumaliza, hakuna haja, nasikia mlango, nasikia viatu vyake kwenye changarawe, taratibu, na sauti yake, «Pitshou, minye nilikulisha mu nyumba hii,» na mzee Ambroise, kaka wa marehemu, anakohoa tu... ngoja, ngoja, Bertin, ondoa kisu hapo, ukikwangua sasa itawaka, na ikiwaka yeye akiwa ng'ambo umemfunga kamba shingoni kwa mkono wako, nyumba watamnyang'anya kabla ya jua kuzama, na hiyo itakuwa ndogo kuliko yote, kazi yako nzuri ndiyo itakuwa shahidi... Bibiane huyu, ambaye Camille alimfuata mpaka Koni, ujana ule, akalala kwao siku tatu akisema motokari imekufa, nikapelekwa mimi na vyombo, nikakuta kanyofoa waya mwenyewe kaufunga kwenye soksi, akanikonyeza, Bertin, usiitengeneze haraka, baba yake bado hajanizoea... ndiyo, alikataa kuondoka kweli, huyo mtu, mara moja tu, na ilikuwa kwa ajili ya kukaa karibu naye, mnasikia nyinyi, hamsikii, sijafungua kinywa bado, vidole vimekaa kwenye bulongi tu, wananisubiri, Pitshou ana mkono kwenye ufunguo, Bibiane amefika ng'ambo amegeuka... hapana, sikwangui, kwanza nitatoka hapa chini, nitasema kwa sauti ya sokoni, ni mimi, Bertin, fundi wa mafundi, nimekosa kama mtoto, njooni muone rangi, mzee Ambroise njoo weka kidole, acheni wanicheke mpaka wakate mbavu, wapeleke magari yao kwa wengine mwaka mzima, nimekula aibu nyingine nikashiba nikapona, na huyo mama arudi hapa, akae kwenye usukani, yeye, ufunguo autwae yeye, sikwangui hata unywele mpaka nimwone amekaa, na Pitshou akileta mdomo nitamwambia umeme hauna ukoo... na wakibaki na shaka, maana watabaki, nawajua, nitawaongezea kwamba Camille mwenyewe kabla hajaugua alinitazama nikipaka mlango akasema, Bertin, siku moja rangi yako itanichelewesha mahali, na mimi nikacheka, watalikubali hilo, ndivyo alivyokuwa akisema, sauti yake ile ya puani nitaiigiza, kaka yake atalia... Camille hakusema kitu kama hicho, hilo nimelitunga mimi, sasa hivi, hapa chini ya kapo.