Kusafisha Shamba la Katarina

Justus hakuweza tena kushika kikombe. Kila asubuhi mkewe, Katarina, alimkalisha kwenye kigoda nje ya nyumba, akamfunga kanga shingoni na kumnywesha uji kwa kijiko, na nusu ya kila kijiko iliishia kidevuni kwa sababu kichwa nacho kilikuwa kinatikisika. Mikono aliilaza mapajani, ikawa inacheza yenyewe. Ndiyo mikono iliyochanganya dawa za tumbaku msimu baada ya msimu, bila glavu, kwa kijiti, na kijiti kisipoonekana, kwa kiganja. Enzi hizo hakuna aliyemwambia lolote kuhusu dawa. Walimwambia tumbaku ni dhahabu, basi akalima dhahabu.

Advera alikuwa amekaa pembeni juu ya gunia, akisubiri uji uishe ndipo waingie shambani. Watu wa Itobela, kijiji kilicho mbele kidogo ya stesheni ya Igalula, walimwita bibi shamba, ingawa hakuwa mtumishi wa serikali. Aliajiriwa kwa mkataba na Shamba Hai, mradi uliokuja kufundisha watu kulima bila sumu na bila kuchoma ardhi. Mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa msimu. Kwao Muleba, mama yake na wadogo zake walikuwa wanakula mkataba huohuo.

Misimu mitatu alikuwa amehubiri. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakanywa soda ya mradi, wakaenda kuchoma mashamba yao. Katarina peke yake ndiye aliyebaki siku ile ya kwanza, akamshika mkono na kumwambia, "Mwanangu, kama kilimo chako hakina dawa, nifundishe. Dawa kwangu haiingii tena mpaka nife."

Sasa shamba lake, shamba darasa la mradi, lililopakana na ile njia ya zamani ya misafara, lilikuwa limeshiba. Chini ya mahindi kunde zilitambaa, na maboga yakajipenyeza yanapotaka. Ardhi yote ilifunikwa na mabua na majani makavu, na ukifukua kidogo unakutana na minyoo. Mtu asiyejua angeona kichaka. Katarina aliona jiko. Hapo ndipo yalipotoka majani ya kunde aliyoyachemsha na kuyaanika yakawa nsansa, mboga ya kiangazi chote. Mahindi yakiwa machache, nyumba ile ilivuka mwaka kwa kunde na maboga.

Kijiko cha mwisho hakijafika mdomoni, gari la mradi likaingia. Akashuka Octavian, mratibu, ambaye ofisi yake iko Mtendeni, mjini Tabora. Nyuma yake akashuka Bundala, mwenyekiti wa kijiji, aliyeomba lifti ya hatua chache ili watu wamwone kwenye gari.

"Shikamoo mzee," Octavian alimwambia Justus akiwa anatembea, hakungoja marahaba. Alisimama ukingoni mwa shamba. "Advera, shamba darasa liko wapi?"

"Hili hapa, bosi."

"Nakuuliza shamba, unanionyesha kichaka."

"Ni matandazo, bosi. Na hizi kunde zinarudisha..."

"Advera." Alisema taratibu, bila hasira. "Ule mwongozo unaoufundisha nimeuandika mimi. Usinisomee. Wiki ijayo, Ijumaa, anakuja mgeni kutoka kwa wafadhili. Atapiga picha. Picha ndiyo inayopanda juu, na minyoo haionekani kwenye picha. Wakubwa wakiona majani hivi watasema mkulima mvivu, na mshauri wake mvivu zaidi."

"Sasa tufanyeje?" Advera alijisikia akiuliza, na hapohapo akajua kwamba ameshakubali.

Octavian alifungua nyuma ya gari, akatoa bomba la mgongoni la kupulizia dawa na dumu jeupe lisilo na karatasi ya maelezo. "Hii inaua majani mapana tu, mahindi haiyagusi. Piga kesho asubuhi. Yakishasinyaa mnang'oa, mnafagia, mistari inaonekana. Rahisi."

"Bosi, hapa ndipo tunapowafundisha watu wasitumie hii."

"Na mwakani unataka kuwafundisha au hutaki?" Alifunga mlango wa gari. "Mkataba wako unaisha lini vile?"

Alikuwa anajua. Ndiye aliyeusaini.

Bundala aliona hapo pana nafasi yake. "Bibi shamba, usituangushe. Tumeahidiwa kisima. Wanawake wa hapa wanachota maji na ng'ombe. Mgeni akiondoka amenuna, mimi nitawaambia nini? Kwamba kisima kimekwamishwa na kunde za Katarina?"

Gari lilipoondoka, Katarina alikuwa bado amesimama na bakuli la uji. Alikuwa amesikia kila kitu. Hata hivyo alimwacha Advera aeleze upya, toka mwanzo, na Advera akaeleza huku akiangalia bakuli.

"Kunde zimeanza kutoa maua," Katarina alisema.

"Najua, mama."

"Hiyo ndiyo mboga yetu ya kiangazi."

"Mwenyekiti amesema kijiji kitakufidia."

Katarina alicheka kidogo, kicheko cha puani. Kisha akauliza lile ambalo Advera aliliogopa tangu gari lilipoingia. "Wewe mwenyewe unasemaje, mwanangu? Sisemi bosi wako. Wewe."

Jibu alikuwa nalo. Alilitoa darasani kila mara, tena kwa picha. Lakini pale alimwona mama yake Muleba, akaliona dumu jeupe, akaona kisima ambacho hakipo na watu ambao wangemnyooshea Katarina kidole mpaka kaburini. Yote yalikuwa mazito sawasawa, hakuweza kuchagua zito zaidi. Alikuwa amechoka, hilo tu.

"Nasema tupige," alijibu.

"Basi piga wewe. Mtu mwingine asiingie kwangu na hiyo kitu. Wewe unajua kuipima."

Kulipopambazuka, kabla ya upepo kuamka, Advera alijifunga kitenge puani. Barakoa za mradi zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Alipima dawa sawasawa kabisa, akachanganya, akabeba bomba, akaanza mstari wa kwanza. Bomba lilikuwa linavuja. Maji yalimteremka mgongoni, yakaingia kwenye blauzi, na kitu pekee alichokihisi asubuhi ile ni ubaridi wa blauzi. Maua ya kunde yalilowa. Maboga yalilowa. Alipiga vizuri, hakuruka jani, kwa sababu hakuwahi kujifunza kufanya kazi vibaya.

"Katarina!" sauti ya Justus ilitoka nyumbani, imekwaruza. Macho yake hayakufika tena mwisho wa uwanja, lakini pua ilikuwa nzima. "Nani kapiga dawa?"

"Kwa jirani, baba," Katarina alimjibu kutoka mlangoni.

"Upepo unatoka kwetu."

Advera alimaliza mstari, akageuka, akaanza mwingine.

Kesho yake majani yalianza kujikunja. Mashina ya kunde yalijinyonga yakaelekea chini, na maboga, ambayo Katarina alikuwa akiyafunika kwa nyasi yasiungue na jua, yalilegea yakawa mepesi mkononi. Kila siku Advera alikwenda kuangalia, kwa sababu ndiyo kazi yake, kuangalia. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye aibu ikamtoka, akabaki anaangalia tu.

Wanawake wa kwaya ya Moravian walikuja kusaidia kung'oa. Waliimba kidogo, wakaacha. Walikusanya kunde na maboga yaliyosinyaa, wakafagia na matandazo yote, lundo likawa kubwa kuliko banda la mbuzi. Bundala akatuma watu walichome, kwa kuwa gari la mgeni litapita hapo. Sheria ya kwanza ya Shamba Hai ni kutochoma, na moshi wake ulionekana mpaka stesheni. Ardhi ilibaki wazi, imepauka, na mahindi yamesimama kwa mistari.

Ijumaa ile mgeni alikuja kweli. Alikuwa dada kutoka Dar, jina lake Zuwena, mpole, mwenye viatu vya shambani ambavyo havijawahi kuona shamba. Aliamkia wazee wote, hata Justus, na alisubiri marahaba yake mpaka ikatoka. Hilo liliwauma watu zaidi, kwamba alikuwa mtu mwema. Octavian alihutubia chini ya bango. Alisema babu zetu walipita njia hii wamebeba pembe za ndovu vichwani, lakini sisi tutaipita tumebeba elimu. Watu wakapiga makofi.

Zuwena aliingia katikati ya mistari, akapiga picha mbele, nyuma na pembeni. "Jamani, shamba safi!" alisema. Kisha akamgeukia Katarina. "Mama, hongera sana. Mimi nauliza kama mwanafunzi. Majani mnayazuiaje bila dawa?"

Mtu mmoja akakohoa. Katarina, aliyekuwa amevaa kitenge chake cha kwaya kwa ajili ya siku hiyo, alimtazama Advera, hakumtazama mtu mwingine.

"Mwalimu wangu huyu hapa," alisema. "Muulize yeye."

"Kwa jembe," Advera alijibu. "Na kuwahi."

"Yaani dawa hamna kabisa?"

"Hamna."

Bundala ndiye aliyeanzisha makofi, na Itobela yote ikafuata, watu walewale waliokuwa wameisikia harufu asubuhi ile mpaka dimbwini kwa ng'ombe. Walimpigia makofi kwa moyo. Octavian alimshika Advera bega, akamnong'oneza kwamba sasa ameiva. Kabla ya wiki kwisha, kwenye simu ya Advera uliingia ujumbe kwamba mkataba umeongezwa. Habari za kisima zilikuwa zinafanyiwa kazi.

Siku ya darasa ilipofika, Advera alitegemea kuwakuta wanawake walewale wachache wanaokuja kwa ajili ya soda. Alikuta uwanja wa shule umejaa. Walikuja wakulima wa tumbaku ambao hawajawahi kumpa hata salamu, walikuja wengine kutoka ng'ambo ya reli, kwa baiskeli. Kila mmoja alishika chupa tupu. Zilikuwepo za soda, za maji, za mafuta ya kula, na mzee mmoja alikuja na chupa ya chai. Mbele, juu ya dawati, Bundala alikuwa ameliweka dumu jeupe lililobaki.

Shigela, mkulima wa tumbaku aliyemcheka misimu yote mitatu, alisimama kwa niaba ya wenzake. "Bibi shamba, leo ndiyo tumekuelewa. Siku zote unatuambia mabua, minyoo, mabua, minyoo. Tukasema huyu binti anatupotezea muda. Kumbe kitu chenyewe ulikuwa unakificha!"

Watu wakacheka. Hawakumcheka yeye, walicheka naye, kama mtu wa kwao.

Alitaka kuwaambia. Alisimama mbele yao, akatafuta mahali pa kuanzia. Aseme ni sumu? Walimwona amejitwisha bomba lenye kuvuja, na bado mzima. Aseme shamba la Katarina limeharibika? Mgeni wa Dar alilisifia, na makofi walipiga wenyewe. Aseme alidanganya? Bundala alikuwa amekaa mstari wa mbele, miguu ameikunja, anatabasamu.

"Pangeni mstari," alisema.

Basi akawapimia. Aliwaambia kizibo kimoja kwa maji kiasi gani, aliwaambia ni ya mahindi tu, tumbaku itaiua, aliwaambia wasipige upepo ukivuma, alirudia kwa kila mtu, naye kila mtu aliitikia ndiyo huku macho yako kwenye dumu. Alijiambia angalau wapime vizuri. Alijiambia hivyo mpaka maneno yakakosa maana, akaendelea kumimina.

Wa mwisho alikuwa Katarina.

"Mama," Advera alisema. "Wewe hapana."

"Kwa nini mimi hapana? Kunde hazipo, maboga hayapo, na ardhi ikiwa tupu magugu yanarudi mbio, wewe mwenyewe ulinifundisha. Yameshaanza kuota. Kwa jembe peke yangu siwezi, na Justus ndiyo unavyomwona. Nipimie kidogo."

Alinyoosha chupa. Ilikuwa chupa ndogo ya kahawia, ya dawa ya kifua ya Justus kutoka zahanati, imeoshwa vizuri kwa ndani. Karatasi yake bado ilikuwa imeganda, na mwandiko wa nesi ulisomeka: kijiko kimoja, kutwa mara tatu.

"Mama, chupa hii haifai. Tafuta nyingine."

"Sina nyingine."

"Bibi shamba, malizia watu waende," Bundala alisema.

Advera alimimina mpaka shingoni, hakumwaga hata tone. Katarina alikaza kizibo, akaifuta chupa kwa pindo la kanga, akaitia kifuani. Alimshukuru, akaondoka haraka, kwa kuwa Justus alikuwa peke yake nyumbani.