Mkono wa Ukutani

Chupa ile ya dawa ilibuniwa na mtu mwenye mikono mizima. Ili ifunguke, kifuniko kilitaka kibonyezwe kwa nguvu na kuzungushwa papo hapo, ujanja uliokusudiwa kuwazuia watoto. Lakini wa kwanza kuzuiwa alikuwa mgonjwa mwenyewe. Msusi aliketi ukingoni mwa kitanda, chupa ameibana kwa magoti, kifuniko amekiuma kwa meno. Vidole vyake, ambavyo maharusi wa mtaa mzima waliwahi kuvipangia foleni, vilikuwa vimevimba viungoni na kulala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo.

"Utayang'oa hayo meno, wifi, na ndiyo mali pekee uliyobaki nayo," alisema Mama Pindo kutoka mlangoni.

"Bora niyang'oe kuliko kukuita wewe na maringo yako ya vidole vipya."

Mama Pindo akacheka. Akaichukua chupa, akabonyeza, akazungusha. Kifuniko kikalia tak, kikafunguka. Hakuna aliyecheka tena.

Mama Pindo ni jina alilopewa na wateja wake. Hapakuwa na fundi cherehani aliyeshona pindo za magauni zikalala kama zake. Kisha baridi yabisi ikaingia mikononi mwake, cherehani ikafunikwa shuka, na katika miaka hiyo yote aliyemfunga vifungo, aliyemchana nywele na kumshikia kikombe akinywa alikuwa wifi yake huyu, mjane wa kaka yake, ambaye hakuwahi kumnunia hata siku moja. Ugonjwa ulipomgeukia msusi, ilikuwa zamu ya Mama Pindo kuhangaika. Alisikia kwamba jengo la utafiti la hospitali kuu linatafuta watu wa kujaribiwa dawa mpya ya viungo.

"Twende," alimwambia. "Dawa ya bure, masista wapole, hata viti vina mito."

Walikwenda. Kila mmoja alipewa chupa yenye namba. Chupa nyingine zilikuwa na dawa, nyingine vidonge vya unga mtupu, na waliambiwa kwamba hakuna anayejua nani kapata kipi. Kabla msimu haujageuka, siri hiyo ilikuwa imejianika yenyewe. Asubuhi moja Mama Pindo alikunja ngumi, akaikunjua, akaikunja tena kwa kutoamini. Siku hiyo hiyo aliifunua cherehani. Vidole vya msusi viliendelea kupinda.

Walipokwenda kliniki, mpigapicha wa hospitali alimsimamisha Mama Pindo dirishani na kumwomba afungue mkono, kiganja kielekee kwenye mwanga. "Tabasamu, mama," alisema, kisha akakumbuka kwamba uso hautaonekana.

Alipotoka hapo, Mama Pindo aliingia kwa daktari wa utafiti, kijana mwenye sauti ya upole, akimvuta wifi yake nyuma.

"Daktari, huyu anapata unga."

"Hilo hatulijui, mama."

"Mimi nalijua. Mtazame."

Daktari aliitazama kompyuta. "Hata mimi sitakiwi kujua. Tukijua, utafiti unakosa maana."

"Basi nihesabu mimi nimepona. Vidonge vyangu apewe yeye."

"Haiendi hivyo. Lazima wawepo wasiopata, ili tuone tofauti yao na wanaopata."

"Si mmeshaiona?"

"Vumilieni hadi utafiti uishe."

"Ukiisha, atapata?"

"Tutapeleka mapendekezo."

Msusi akamgusa mwenzake kwa kiwiko. "Twende zetu, wifi. Mtu anatazama kioo, wewe unamwonyesha mkono."

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakizunguka kichwani mwa Mama Pindo asubuhi ile ya kifuniko na meno. Alitoka, akarudi na chupa yake na mkasi wa kazi. Akakata kidonge chake katikati kama anavyokata kitambaa, bila kupima, kwa kuwa jicho lilikwisha kupima. Akakata na cha wifi yake.

"Unafanya nini?"

"Nusu ya changu, nusu ya chako. Chupa zitapungua sawasawa. Nani atajua?"

"Na mikono yako?"

"Yangu itakuwa nusu mbovu, yako nusu nzima. Tukiunganisha tunapata fundi mmoja."

"Fundi wa nini? Wa kushona nywele kwa cherehani?"

Wakacheka hadi jirani akagonga ukuta. Walikwisha kugawana sabuni, sukari, chumba na msiba wa mtu mmoja. Haikuwajia akilini kwamba kidonge ni kitu cha namna nyingine.

Mama Pindo akaanza kuamka na ugumu viungoni, ugumu ambao ulilegea jua lilipopanda, naye akashona. Msusi aliweza kushika kitana. Jioni moja alimwita binti wa jirani, akamsuka mistari miwili, mibovu, iliyopinda kuelekea sikioni. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia binti asiifumue hadi wiki iishe.

Damu zao zilipochukuliwa tena, waliitwa wote wawili.

"Kwenye damu yako kuna dawa," daktari alimwambia msusi. Upole ulikuwa umemtoka. "Haikutakiwa kuwemo."

"Kumbe ni kweli," alisema Mama Pindo. "Aliyekuwa akipata unga ni yeye."

"Imebidi tufungue siri kwa sababu yenu! Mmetuharibia kazi, mnaelewa? Kuna nchi nyingi zinasubiri matokeo haya."

"Na sisi tulikuwa tukisubiri, mwanangu," alisema msusi. "Tena karibu tu, hapo nje kwenye benchi."

"Mliweka dole gumba kwenye fomu. Mlikubali masharti."

"Langu lilikuwa haliteremki," alisema msusi. "Sista ndiye aliyelinyoosha, akaligandamiza."

Sista aliyesimama kando ya kabati aliinamisha uso.

"Kosa ni langu," alisema Mama Pindo. "Niondoe mimi. Yeye mpe zangu."

"Mnaondolewa wote wawili."

"Dawa tutaipata wapi?"

"Haijaanza kuuzwa."

"Ikianza?"

Daktari alizipanga kalamu zake, ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Mtasikia tu, mama."

Sista alizipokea zile chupa. Alizitikisa karibu na sikio, moja baada ya nyingine; vidonge vilikuwemo bado, na vilisikika chumba kizima. Kisha akakanyaga pedeli ya ndoo ya manjano, mfuniko ukainuka, akazitumbukiza.

Mvua zilipoanza, cherehani ilikuwa imerudi chini ya shuka. Msusi hakutoka tena chumbani. Asubuhi Mama Pindo alimnywesha chai kwa kukibana kikombe katikati ya viganja viwili visivyofunguka, na nusu ya chai ilimwagika, nao waliifanyia mzaha hadi mzaha ukawaishia.

Siku moja alikwenda hospitali kuu kuomba vidonge vya maumivu, kwenye foleni ya watu wote, ile isiyo na viti vya mito. Kwenye ukumbi wa kuingilia alikuta picha mpya ndani ya kioo, kubwa kama mlango. Ulikuwa mkono, kiganja wazi kikielekea kwenye mwanga, vidole vitano vimetanuka. Chini ya kidole gumba palikuwa na kovu dogo la mviringo, mahali sindano ya cherehani iliwahi kupenya hadi upande wa pili. Juu yake paliandikwa: UTAFITI WETU, MATUMAINI YENU.

"Kijana," alimwambia mlinzi, "huu mkono ni wa nani?"

"Wa mgonjwa aliyepona, mama. Dawa ya hapa hapa. Wageni wakija lazima wapigwe picha hapo."

"Yuko wapi sasa?"

"Nani?"

"Mwenye mkono."

"Nitamjulia wapi? Atakuwa kwake, anakula maisha."

Mama Pindo aliinua mkono wake wa kulia. Alitaka kuulaza juu ya ule wa ukutani, kiganja kwa kiganja, lakini vidole havikukubali. Kilichofika kwenye kioo kilikuwa ngumi, na nundu zake zilizovimba.

"Usiguse, mama! Hiyo ni mali ya hospitali."

Akaushusha. Mlinzi akatoa kitambaa mfukoni, akapuliza pumzi kwenye kioo, akaifuta ile alama ya ngumi hadi kiganja kikang'aa.