Posho ya Mguu

Kila asubuhi, kabla ya king'ora cha kampuni, Albertine aliweka buti la kushoto mlangoni. Mguu wa mumewe ukalivaa, ukaenda kazini.

Mguu huo ulikatwa mgodini mwaka Katanga ilipojitenga. Léonard alitolewa hospitali na gongo, akafutwa kazi. Mguu haukufutwa, ulikuwa umezoea.

Asubuhi hiyo karani wa kampuni alisimamisha baiskeli mbele ya buti.

"Papa Léonard, tume itasikia rufaa yako Jumanne, saa tatu. Ukuye na mukulu," akasema, akiuonyesha mguu ndani ya buti.

"Saa tatu mukulu iko kazi."

"Basi, omba kapita."

Fidia ya ulemavu alikuwa amenyimwa kwa sababu mguu ulikuwa bado unafanya kazi.

Léonard alipouombea mguu ruhusa ya siku moja, Kapita Ngosa, msimamizi wa zamu, alimsikiliza akitafuna muhogo. "Konje ni ya muntu, Papa. Mukulu haina kadi." Kisha akacheka kidogo. "Tena iko na bidii kupita weye."

Kuuhamishia mguu zamu ya usiku nako hakukufaa. Askari walikuwa wamekataza watu kutembea usiku, na mguu usingeweza kuonyesha pasi.

Jumanne Léonard na Albertine walikwenda peke yao. Kikao kilikuwa kimeanza mguu ulipoingia, umejaa vumbi la mgodi, ukasimama kando ya kiti. Ulikuwa umetoroka zamu.

Mwenyekiti aliuomba utembee hadi dirishani. Ukatembea.

"Haina hata kilema," akasema. "Na kila Jumamosi nyumba yenu inapokea nusu posho ya unga kwa ajili yake. Anayekula posho ni mfanyakazi. Kwa nini mlipokea?"

"Sijui, Bwana," Léonard akajibu, macho chini.

Albertine alitazama mikono yake. Alikuwa amewaambia majirani kwamba unga ule unatoka kwa kaka yake, mpishi wa Wazungu huko Makomeno.

"Tutaendelea Jumanne ijayo, saa tatu," mwenyekiti akasema. Mguu ulikuwa umeshatoka, unawahi kazini.

"Twende, Mama Wivine," Léonard akamnong'oneza mkewe.

Albertine hakwenda. Alisimama mbele ya meza mpaka karani akaacha kuandika.

"Bwana," akasema, "ile posho tulikamata juu ya njala. Batoto balikuwa banalia. Ilikuwa njala tu."