Vidonge vya Harieth

Wiki chache baada ya kuanzishiwa dawa, uso wa Harieth ulivimba, mashavu yakajaa mpaka macho yakawa madogo kabisa. Shuleni kwao Lalago wakamwita Puto. Kwaya ya watoto kanisani, aliyokuwa akiipenda kuliko chochote, akaiacha.

"Ni dawa hizo, ugonjwa hauvimbishi hivi," Daktari Evaristo alimwambia mama yake, Philomena, kliniki kule Bariadi. "Ana lupus. Kinga ya mwili inamshambulia mwenyewe, na vidonge hivi ndivyo vinavyoituliza. Asiache ghafla, mama, hata ukimwona mzima."

Philomena alilishika neno hilo. Kila asubuhi alimpa mtoto vidonge na kikombe cha maji, kisha akageuka kuchukua jembe lake aende shamba la pamba.

Mvua zilipokatika, uso ukapungua. Philomena akawatangazia majirani kwamba mtoto amepona. Haukupita muda, miguu ikaanza kuvimba, mkojo ukawa na rangi ya chai. Siku moja Harieth akaanguka darasani kwa degedege. Baba yake, Luhende, akakodi gari la jirani wakamkimbiza Bariadi.

Harieth alipozinduka, Daktari Evaristo aliketi ukingoni mwa kitanda akiwa na majibu ya vipimo.

"Harieth, dawa ulikuwa unameza?"

"Anameza," Philomena akadakia. "Nampa mwenyewe kwa mkono wangu."

Mtoto aligeukia ukutani, akamjibu mama yake. "Nilikuwa natema, mayu. Ukigeuka tu, naenda kutupa chooni."

Luhende akatoka nje.

"Kwa nini, mwanangu?" Philomena akauliza.

"Walikuwa wananicheka. Halafu uso ulipopungua, na wewe ulifurahi."



Figo zilikuwa zimeumia, na sehemu iliyokufa, daktari alisema, haitarudi. Walimtundikia dripu za dawa kali zilizomtapisha mpaka akabaki mifupa. Aliporuhusiwa alipewa vidonge vingi kuliko vya mwanzo, na kabla mwezi haujaisha mashavu yakajaa tena. Shule hakurudi.

Siku hizi Philomena hageuki.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

Harieth anafungua, anainua, macho kayaelekeza mlangoni. Mama anachungulia mpaka aridhike. Kisha mtoto anafunga mdomo, anajivuta kitandani na kujifunika shuka kichwani.