Jina la Muuza Maziwa

Lazare Toé alilitaja jina lile Jumapili, saa tatu na dakika kumi asubuhi, akiwa amefunga tai nyekundu na kuketi mbele ya rafu ya vitabu ambayo huipanga upya kila anapohojiwa. Mtangazaji wa televisheni ile ya ng'ambo, mwanamke mwenye sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa, alikuwa amemuuliza swali ambalo watu wote wa Wagadugu walikuwa wakijiuliza tangu Ijumaa: je, waliowaua watu katika mgahawa wa Vibuyu Vitatu wanajulikana? Lazare angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni jepesi, halina hata uzito wa kokwa ya kunazi. Lakini simuni mwake mlikuwa na picha ambayo mwandishi mwingine yeyote mjini hakuwa nayo, na siri kwa mwandishi ni kama kaa la moto kiganjani: humuunguza mpaka alitupe.

"Kitambulisho kimoja kimeokotwa langoni," alisema. "Inasemekana ni cha Hama Dicko, mzaliwa wa Djibo kule kaskazini, muuza maziwa wa mtaa wa Tampouy. Na ukitaka kuuelewa uzi huu, huna budi kuufuata hadi jangwani, hadi Libya..."

Akaufuata uzi. Hakuna aliyejua kuufuata kama yeye. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akisoma uchambuzi wake wa mambo ya nje kila Jumatatu adhuhuri katika redio moja ya mtaa wa Dapoya, na watu wa mji wetu, mafundi cherehani kwa mawaziri, walizoea kusimamisha shughuli ili wamsikie akiunganisha silaha zilizouzwa nchi za mbali na ng'ombe walioibwa kijijini kwao. Alizijua njia za magendo, majina ya majenerali, na mikataba iliyotiwa saini kabla wengi wetu hatujazaliwa. Siku zile za vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, watu ishirini na wawili wakiwa wamezikwa au wakingoja kuzikwa, kila mtu alikuwa na kiu ya maelezo, naye ndiye aliyekuwa kisima.

Jumatatu asubuhi alifika redioni akiwa na kurasa nne za uchambuzi kwapani. Edwige Tapsoba, mhariri mkuu, alimpokea koridoni.

"Karibu, bwana mkubwa. Jana nilikuona na tai. Nikasema, masikini, Msamo amesahau kuvua kamba aliyomfungia mbwa kabla ya kumla."

"Kamba ile nimeirithi kwa babu yangu," Lazare akajibu. "Ndiyo aliyomfungia babu yako."

Wote wawili wakacheka. Edwige ni Mmosi, Lazare ni Msamo, makabila mawili ya watani, na Wasamo ndio wanaotaniwa kwa kula mbwa. Wakikutana bila kutukanana, basi mmoja wao yu mgonjwa. Hata hivyo cheko lile lilikuwa la kwanza kusikika koridoni tangu Ijumaa, na mafundi mitambo wawili walichungulia mlangoni kama walioisikia mvua ikinyesha wakati wa kiangazi.

Kisha Edwige akapunguza sauti. "Kuna mwanamke anakungoja. Kaja kabla hatujafungua. Kila akipewa maji anakataa."

Alikuwa ameketi ukingoni mwa benchi, mgongo wima, mikono yenye hina ya zamani ikiwa imelala mapajani. Alipomwona Lazare alisimama, lakini hakusalimia. Mfulani asiyesalimia ana msiba.

"Wewe ndiye Lazare wa redioni?"

"Ndiye mimi, mama."

"Naitwa Penda Barry. Mimi ni mke wa Hama Dicko."

Lazare aliyafungua macho, akayafumba. Edwige akaufunga mlango wa koridoni taratibu.

"Mume wangu alipeleka maziwa ya mgando pale Ijumaa saa kumi, kama anavyofanya kila Ijumaa," Penda alisema. Hakupandisha sauti, alisimulia kama mtu anayehesabu ng'ombe na hataki kumruka hata mmoja. "Anayeleta bidhaa humwachia mlinzi kitambulisho chake, mlinzi anakiweka ndani ya mkebe wa biskuti. Ukitoka, anakurudishia. Risasi zilipoanza Hama alikuwa jikoni. Mpishi mmoja akamshika mkono, wakaruka ukuta wa nyuma. Alikuja nyumbani kwa miguu, kiatu kimoja. Kesho yake nikachinja jogoo. Nikasema Mungu kanirudishia mtu wangu. Tukapanga Jumatatu aende polisi akadai kitambulisho chake. Jumapili akaenda kibandani kunywa kahawa. Televisheni ilikuwa imewashwa."

"Sasa yuko wapi?"

"Ningejua ningekuja kwako? Simu yake imezimwa. Wao walimkosa kwa bunduki, baba. Wewe ukampata kwa ulimi."

"Mama, mimi sikusema kwamba ni yeye. Nilisema 'inasemekana'."

"Vijana waliokuja kwetu na fimbo hawakulisikia neno hilo."

Lazare aliketi kwenye benchi lile lile aliloliacha Penda. Kurasa zikamteleza kutoka kwapani, naye hakuinama kuziokota. Katika maisha yake alikuwa amewahi kukosea: alitabiri uchaguzi ukaenda kinyume, alimsifu jenerali mmoja aliyekuja kuwa jambazi. Lakini makosa yale yalikuwa ya mbali; yalikosewa kwenye ramani, yakafutwa kwenye ramani. Hili lilikuwa limekuja kwa miguu yake, limesimama mbele yake, limekataa maji.

Akampigia ofisa wa polisi aliyemtumia ile picha ya kitambulisho. Mtu yule akajibu haraka, kama anayekula.

"Ah, kile kitambulisho! Hapana, mzee, hilo lilikwisha. Tumekuta mkebe mzima, vitambulisho kumi na vitano. Wapeleka mboga, wapeleka barafu, fundi wa jenereta. Waliokuja kuua hawakuacha vitambulisho kwa mlinzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniuliza kabla ya kwenda kukitangaza dunia nzima? Nilikutumia ukione, si ukiimbe."

Akapiga simu ng'ambo, kwenye televisheni ile. Kijana wa zamu kule alikuwa na adabu kupindukia. Alisema wameyapokea masahihisho yake, watayaandika, ila leo kipindi kimehamia bara jingine, kuna tetemeko la ardhi.

Ilikuwa saa tano na nusu. Lazare akamgeukia Edwige. "Nipe kipaza sauti sasa hivi. Nisingoje adhuhuri."

Edwige alimvuta pembeni. Alimpenda mtani wake huyu, na kwa sababu hiyo alimwambia ukweli. "Fikiri, Lazare. Ofisi ya mwendesha mashtaka itatoa taarifa, labda leo, labda kesho. Ikitoka, tutaisoma, na jina la Hama litasafishika bila wewe kujipaka tope. Ukijipaka mwenyewe, nani atakuita tena? Miaka ishirini na sita, ndugu yangu."

"Labda kesho," Lazare alirudia. "Wewe ungelala kwenye lile 'labda'?"

Edwige alikwenda kuuzima muziki uliokuwa hewani.

Walioisikia redio saa ile hawajasahau. Hakikupigwa kinanda cha kufungulia kipindi. Ilikuja sauti yake tu, kwanza kwa Kimoore, lugha ya Wamosi, kisha kwa Kifaransa, nayo ilikuwa sauti ya mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta.

"Jana nilitaja jina la mtu. Kabla ya kulitaja sikumuuliza yeyote. Hama Dicko hakuua. Hama Dicko alikuwa miongoni mwa waliotaka kuuawa. Kitambulisho chake kilikutwa langoni kwa sababu alikwenda kuuza maziwa, na kwa sababu mlinzi alikuwa akifanya kazi yake. Mlinzi huyo aliitwa..."

Lazare alikuwa ameisoma orodha ya marehemu mara mbili, akahesabu mataifa yao, akayapanga kwa mabara. Jina la mlinzi halikumkaa.

Penda, aliyekuwa ameketi ng'ambo ya meza, akainama kidogo. "Issaka Zabré," alinong'ona. "Ana watoto wanne."

"Aliitwa Issaka Zabré," Lazare alisema. "Ana watoto wanne. Mke wa Hama ameniambia sasa hivi, kwa kuwa mimi nilikuwa sijui. Mengine niliyoyasema jana, ya jangwani na ya Libya, huenda ni ya kweli. Leo sina hakika nayo kama nilivyokuwa jana. Hama, ukinisikia, mkeo yuko hapa mbele yangu. Nampa kipaza sauti."

Penda akasema kwa Kifulani sentensi tatu fupi. Hakuna aliyezitafsiri.

Simu zikaanza. Mtu mmoja akamwita Lazare msaliti, amelipwa na Wafulani. Mwingine akasema azeeke nyumbani. Mwanamke mmoja akalia tu, akakata. Simu ya saba ilikuwa na kelele nyuma yake, chuma kwa chuma, na mtu aliyekuwa akipaza sauti kuzishinda.

"Ni huyo Lazare? Sikia wewe! Nani kakupa ruhusa ya kumtangaza mtumwa wangu bila kunitaka idhini?"

"Nani mwenzangu?"

"Tasséré Kindo, mhunzi wa Tampouy. Mimi mhunzi, yeye Mfulani, mtani wangu, na kajificha kwangu tangu jana. Tangu lini Mfulani akapigwa na mtu mwingine mimi nipo? Waliokuja na fimbo niliwaambia: huyu ni mali yangu, anayetaka kumgusa aanze na nyundo hii. Wakaona nyundo, wakakumbuka wana kazi kwao. Njooni mmchukue, tafadhali! Anakula kama watu watatu, na kazi ya kuvukuta hajui. Kauzima moto wangu mara mbili."

Penda alikuwa ameisikia sauti ile kupitia spika ya mezani. Alishika kikombe cha maji kilichokuwa karibu yake, akanywa chote bila kupumua, akaomba kingine.

Lazare alimpakia Penda kwenye pikipiki yake. Walikuwa wamefika mzunguko wa barabara simu ilipolia. Alikuwa Edwige, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa akipiga kelele kama kawaida yake. Mwendesha mashtaka alikuwa ametoa taarifa. Wauaji wametambuliwa, ni watu wengine kabisa, na muuza maziwa anatakiwa kwa wakati wake aje kutoa ushahidi kwa aliyoyaona, basi. "Wewe Msamo," alimalizia, "rudi uje ule. Nimekuwekea kichwa cha mbwa." Lazare alicheka peke yake njia panda, vumbi likamwingia kinywani, akazidi kucheka, mpaka Penda akamgonga begani kumwonyesha kwamba taa imekuwa ya kijani.

Kiwanja cha mhunzi kilijaa mabaki ya magari na sufuria mpya zilizokuwa zikipoa mchangani. Tasséré alikuwa pande la mtu, kifua kama mlango wa ghala. Aligeuka akaguta, "Mtumwa! Wenyewe wamekuja!" na nyuma ya rundo la vyuma akatokea mwanamume mwembamba, masizi toka utosini hadi kidoleni, macho tu ndiyo meupe.

Wafulani hawakumbatiani mbele za watu. Penda alisimama hatua tano mbali naye, akamtazama kutoka juu kwenda chini, akakoma miguuni.

"Viatu vya nani hivyo?"

"Vya huyu bwana," Hama alisema. "Mguu wangu mmoja ungeweza kulala humo na mgeni wake."

Hapo ndipo Penda alipokaa chini mchangani, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika, na haikujulikana kama alikuwa akilia au akicheka. Pengine hata yeye hakujua. Mke wa mhunzi akamletea kibuyu cha maji ya unga wa mtama, akaketi karibu naye.

Lazare alikuwa amesimama akiishika kofia ya pikipiki kwa mikono miwili. "Hama Dicko, nimekuja kukuomba radhi."

"Nimekusikiliza miaka mingi," Hama alisema. "Kila Jumatatu nikigawa maziwa. Wewe hukuwa mtu wa kukosea. Jana ulipolitaja jina langu, kwa muda mfupi hivi, nilidhani labda ni kweli. Labda nimefanya, nikasahau."

Lazare aliiweka kofia chini mchangani.

"Hebu acheni," Tasséré akaingilia. "Chuma kikipinda hakilaumiwi, kinarudishwa motoni. Wewe mtumwa, umempigia mama yako? Au mpaka nikupigie mimi nimwambie nakuuza?"

Mtandao wa Djibo huja na kuondoka kama mgeni mwenye haya. Hama alijaribu mara nne kwa simu ya mhunzi. Mara ya tano ikaita, ikaita, kisha sauti ya mwanamke mzee ikasikika kiwanja kizima. Hata nyundo za jirani zilikuwa kama zimetulia. Mama yule alisema jina la mwanawe mara tatu mfululizo. Kisha, alipokuwa amehakikisha ni mzima, akaanza kumgombeza kwa kukaa siku tatu bila kupiga, na Hama akainamisha kichwa chenye masizi, akipokea ugomvi ule kama mtu anayemwagiwa maji ya uvuguvugu.

"Uko na nani?" mzee aliuliza hatimaye.

"Niko na Penda. Na mhunzi." Hama akamtazama Lazare. "Na mgeni."

"Mgeni gani? Hujaniambia nimsalimie! Mpe simu."

Hama akamnyooshea. Lazare aliipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushika kiwiko. Kifulani alijua maneno mawili tu, yale ambayo kila mtu wa nchi yetu anayajua: jam tan, amani tu. Mama akamuuliza habari za mchana. Jam tan. Habari za nyumbani. Jam tan. Habari za watoto, habari za baridi, habari za uchovu. Kila mara alijibu yale yale, na kila mara sauti ya mzee ilizidi kuchangamka, ikiridhika kuwa mwanawe yuko na watu wa adabu.

Kisha akauliza habari za kazi.

Penda akamtafsiria kwa sauti ndogo. Lazare alivuta pumzi; kuhusu kazi, jam tan ingekuwa uongo. Na kule Djibo yule mama akangoja, bila haraka, bila kukata simu.