Tisa ya Uongo

Mtu wa wafadhili aliitwa Nicholas. Alikuja Kimumu na kompyuta, kalamu tatu kwa mfuko wa shati, na habari mbaya.

"Kundi hili limeharibika," akasema.

Tulikuwa wanane kwenye ukumbi wa kanisa, tumeketi kwa duara, wote watu wa kufiwa. Kwa wiki kumi na mbili, kila Jumanne, tulikuwa tumekuja kuongea na kaunsela wetu, Mercy Jepkosgei. Wiki ya kwanza tulijaza fomu yenye swali moja: Moyo wako ukoje leo? Sifuri hadi kumi. Wiki ya mwisho tukajaza tena ile ile. Kundi likipanda kwa wastani wa alama tatu, wafadhili wangelipia ukumbi na mshahara wa Mercy mwaka mwingine. Lisipopanda, kila mtu akalie kwake.

"Karibu nyote mlikuja mkiwa saba, nane, tisa," Nicholas akaendelea. "Sasa mko mbili, tatu, nne, tano. Sijawahi kuona ushauri ukiua watu hivi."

Mama Waithira, anayeuza viazi hapo steji, akaweka kikombe chini. "Kijana, mimi nimetoka namba tisa nikafika namba mbili. Ulitaka nini zaidi? Niwe namba wani na bwana yangu bado yuko kaburini?"

Mercy akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Sikujua kama ni kilio au kicheko mpaka aliposema, "Mwalimu Wahome!"

Mzee Wahome alifundisha shule ya msingi huko Soy miaka thelathini na nne. Siku ya kwanza, Mercy alipotoka kutafuta biro, yeye ndiye aliwaelezea wenzake ile fomu. Ni kama mtihani, aliwaambia. Namba wani ndiye bora, wa kumi ndiye mkia. Na nani angembishia? Ana sauti ambayo ukiisikia unaficha mikono nyuma, hata kama una wajukuu.

"Kwa hivyo ni mimi nimewaangusha," Mwalimu akasema polepole. "Maisha yangu yote sijawahi kuangusha darasa zima."

Nicholas hakuwa mtu mbaya. Alicheka, akageuza namba kwenye kompyuta: mbili ikawa nane, tisa ikawa moja, hivyo hivyo mpaka mwisho. "Tatu nukta nne!" akapaza sauti. "Mmepita!"

Watu wakapiga makofi. Mama Waithira akaanza wimbo. Mimi nikainama kuangalia kioo cha kompyuta, nikaona jina langu. Kipyego: kutoka moja hadi sita.

"Hiyo si yangu," nikasema.

"Ni yako. Uliandika tisa, halafu nne. Nimegeuza kama za wenzako."

"Yangu usigeuze. Siku ya kwanza niliketi pale mlangoni peke yangu, tayari kuhepa. Sikumsikia Mwalimu. Nilisoma maagizo vizuri. Nilijua kumi ndiyo nzuri."

Nicholas akabonyeza, uso ukamshuka. "Basi wastani unashuka. Mbili nukta moja."

Wimbo ukakatika.

"Kipyego," Mama Waithira akasema, bila kunitazama, "nyamaza tunywe chai."

Na ningenyamaza, ukweli wa Mungu. Ungeniuliza miezi mitatu iliyopita, ningesema niandikwe kumi na moja na nipewe cheti. Lakini ile sita ilinikaa kama shati la mtu mwingine nimevishwa.

"Mnajua yaliyotokea kwetu Sugoi," nikasema. Walijua, niliwaambia wiki ya saba. Asubuhi ile trekta ilipomlalia kaka yangu Kimutai, alikuwa amenipigia simu mara mbili nije nimsaidie na plau. Niliona simu. Nikajifunika blanketi. "Kimutai alikuwa na wiki tatu tu kaburini, na mimi nikaja hapa nikaandika tisa. Nikachora na jua dogo kando. Hiyo tisa ilikuwa uongo. Hii nne ndiyo alama ya kwanza ya ukweli nimewahi kujipea. Sasa mnataka niponyeshwe na kompyuta?"

"Lakini fomu haina mahali pa kuandika hayo," Nicholas akasema.

"Basi mgonjwa ni fomu. Iache hapa, Mercy ataiona Jumanne."

Mtu akacheka, akajizuia.

"Bwana Kipyego," Nicholas akasema, "si uandike tu sita? Ni namba tu."

"Kama ni namba tu, mbona inafunga mlango?"

Mwalimu Wahome akasimama, akavuta koti. "Weka nne. Nimesahihisha watoto wengi walioomba kuongezewa alama. Huyu ndiye wa kwanza kukataa. Simpigi."

Mimi sikuweza kumwangalia Mercy. Mshahara ulikuwa wake, si wangu, na ni rahisi kuwa shujaa kwa ugali wa mtu mwingine. Nikasikia tu kiti kikisogea. Alichukua biro, akavuta ripoti ya mbili nukta moja, akatia sahihi pale panapoandikwa "kaunsela".

"Nimekaa wiki saba nikingoja hiyo tisa ife," akamwambia Nicholas. "Waambie."

Nicholas akaondoka na ripoti, na ufunguo wa ukumbi pia.

Jumanne iliyofuata tulikutana stoo ya viazi ya Mama Waithira. Tukaketi juu ya magunia, magoti yakigusana, udongo mpaka kwenye chai. Nilifika nikidhani watakuwa wawili, watatu. Walikuwa wote saba, na Mercy, bila faili.

"Kipyego," Mwalimu akaita kwa ile sauti yake. "Uko ngapi leo?"

Nikaficha mikono nyuma. "Nne, Mwalimu."

"Bado nne?"

"Bado nne. Na nani anauliza?"

Mama Waithira akasogea kwenye gunia, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake.

"Keti hapa na nne yako," akasema. "Na usinikanyagie viazi."