Bomba Lililopanda

Beseni lilikuwa mikononi mwa mkewe, limejaa maji ya vyombo, na Fundi Zibua alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Ndivyo asubuhi zao zilivyokuwa. Yeye hutoka mlango wa mbele na mkoba wa vifaa kwenda kuzibua masinki ya watu. Mkewe hutoka mlango wa nyuma na beseni kwenda kumwaga mtaroni, kwa sababu sinki la nyumbani kwao lilikunywa maji kama mgonjwa anavyokunywa uji. Mafunda mawili, kisha linagoma.

"Ukikutana na fundi mzuri huko uendako," mkewe alimtania, "mwambie apite hapa."

"Kesho, bibie. Kesho asubuhi na mapema."

"Haya. Kesho."

Kisha beseni likaanguka. Halikulia sana, lilikuwa la plastiki. Kilichomtoa mbio ni ukimya uliofuata. Alimkuta kwenye ngazi za nyuma, ameketi katikati ya povu, ameushika mkono wake wa kulia kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake ashike kidogo.

"Nimeteleza tu," mkewe alisema. "Wewe nenda. Wateja watakusubiri."

Mkono ulikuwa umevunjika. Waliporudi kutoka hospitali, ukiwa umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko, dada mkubwa wa mkewe alikuwa tayari amefika, amesimama jikoni anayatazama maji ya kijivu yaliyotulia ndani ya sinki.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "jirani yangu alikusifu juzi. Eti una mkono wa dawa, ukigusa bomba linatii. Nikanyamaza. Ningemwambia nini?"

"Nilikuwa nimepanga kulitengeneza."

"Najua. Mdogo wangu amenieleza mipango yako tangu hatujaota mvi." Akachukua mkoba wake. "Kesho saa tisa nakuja na teksi. Atakaa kwangu."

"Mpaka plasta itolewe?"

Dada mtu alimtazama mdogo wake, na mdogo wake akavitazama vidole vyake vilivyovimba.

"Nimechoka kidogo," mkewe alisema. Hakusema amechoshwa na nini, na mumewe hakuthubutu kuuliza.

Asubuhi iliyofuata Fundi Zibua hakufunga viatu. Alipiga magoti jikoni, peku, na simu ikaanza kulia.

"Fundi, sinki limejaa mpaka linanitazama!" mama mmoja alilalamika. "Njoo upesi, nina wageni."

"Nitakuja kesho."

"Kesho? Wewe? Tangu nikufahamu hujawahi kuniambia kesho!"

"Ni kweli, mama," alisema. "Nilikuwa naiweka nyumbani."

Akazima simu. Akachukua nyundo na tindo, akaanza kuvunja saruji iliyofunika bomba chini ya ukuta, kutoka kwenye sinki hadi lilipotokea nje. Chumbani alisikia kabati likifunguliwa, halafu droo, polepole, kazi ya mtu wa mkono mmoja. Alipiga nyundo kwa nguvu zaidi asisikie.

Miaka yote alikuwa na jibu moja. "Ni mafuta yako," alimwambia mkewe. "Unamwaga mafuta kwenye sinki, yanaganda." Mara moja moja aliingiza waya, maji yakashuka kwa siku chache, kisha yakasimama tena, naye akarudia lile lile la mafuta. Mkewe hakubishana. Alianza kuweka magazeti ya zamani kando ya jiko, na kila sufuria, kila kikaango, akakifuta kwa karatasi kabla ya kukiosha. Alifuta hata sufuria ya chai.

Fundi alikata bomba kwa msumeno, akachungulia. Akaingiza vidole, akatoa kilichokuwa ndani, akakisugua kwenye kiganja. Punje za wali. Mchanga. Utelezi mweupe wa sabuni. Alinusa. Akasugua tena, karibu na dirisha kwenye mwanga, kama anayetafuta shilingi iliyodondoka.

Mafuta hayakuwemo.

Alikaa chini sakafuni. Hakuhitaji kuweka pima maji juu ya lile bomba, lakini aliiweka, na kiputo cha hewa kikakimbilia upande wa nje, kule ambako bomba lilipaswa kushuka. Lilikuwa linapanda. Kidogo tu, unene wa kidole, lakini maji hayajui kidogo.

Alilijua hilo. Alilijua tangu siku waliyolilaza, walipokuwa wameoana karibuni na nyumba haijapata hata milango. Pima maji alikuwa ameisahau kazini, saruji imeshachanganywa, jua kali, akaamua kupima kwa jicho. Mkewe alikuwa ameshika ncha ya pili, kanga imefungwa kiunoni, uso umejaa vumbi.

"Mbona kama linapanda huku kwangu?" alikuwa ameuliza.

Naye alitazama, akaona, akacheka. "Wewe shika tu, fundi ni mimi."

Alidhani ataifungua saruji wiki ileile, mkewe akiwa sokoni, arekebishe kimya kimya. Wiki ikapita. Baadaye kulifungua bomba kukawa kuufungua pia mdomo wake, na hilo ndilo lililokuwa zito.

Alilaza bomba jipya, akalipima mwanzo, katikati na mwisho. Teksi ilipopiga honi nje, alikuwa anakaza kiungo cha mwisho. Mkewe alitokea mlangoni amevaa nguo za kutokea, begi dogo mkono wa kushoto. Aliutazama mtaro wa vifusi jikoni kwake, kisha mumewe aliyejaa vumbi la saruji hadi kwenye kope.

"Umelivunja lote," alisema.

"Fungulia maji."

Aliweka begi chini, akafungulia bomba kwa mkono wa kushoto. Maji yaligonga sinki, yakazunguka, yakaondoka. Yaliondoka kwa kelele, kwa mbio, kama yaliyokuwa yanasubiri kuitwa.

Fundi alisema neno, macho yakiwa kwenye vifusi.

"Sikusikii," mkewe alisema. "Maji yanapiga kelele."

Honi ikalia tena. Mkewe akafunga bomba. Tone moja likabaki likijivuta kwenye ncha ya bomba, halijaanguka.

"Siku ile uliposema linapanda," mumewe alisema, "nilikusikia. Niliona kwamba linapanda. Halikuwa mafuta yako. Haikuwa wewe hata siku moja."